Kiuno, nyonga na mgongo wa chini: pa kuanzia unapoumwa

Ukisema kiuno kinakuuma pale soko la Mbuyuni, Moshi, kabla hujamaliza sentensi utakuwa umeshapewa majibu manne. Muuza ndizi atasema ni figo. Jirani yake atasema UTI sugu. Mama mtu mzima atasema chango, na kijana wa bodaboda atakuambia ukanywe supu ya makongoro kwa sababu ute umekauka. Ukifika duka la dawa unatoka na diklofenaki na antibiotiki ndani ya mfuko mmoja, na njia nzima hakuna aliyekuuliza panauma wapi hasa.

Tuanze na swali hilo. Maumivu mengi ya sehemu hizi hayana ugonjwa mkubwa nyuma yake, na hupungua ndani ya wiki chache mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi kwa kiasi. Machache yana ugonjwa, na baadhi ya magonjwa hayo yanatuhusu sana sisi tunaoishi kati ya Meru na Kilimanjaro.

Hatua ya kwanza: weka kiganja panapouma

"Shikamoo mama. Unaumwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kiuno."

"Nionyeshe kwa mkono."

Mkono ukienda kwenye usawa wa mkanda wa suruali, katikati au pembeni kidogo mwa uti wa mgongo, hapo ni mgongo wa chini. Kuna pingili tano kubwa, misuli minene na viungio vidogo, na mara nyingi hata daktari hawezi kutaja ni kipi kati ya hivyo kinachouma. Hilo lisikutishe. Matibabu hayabadiliki sana.

Ukienda chini zaidi, kwenye vile vishimo viwili juu ya makalio, umefika pale uti wa mgongo unapoungana na fupanyonga. Wajawazito na waliojifungua karibuni huonyesha hapa, au mbele kabisa kwenye mfupa wa kinena. Kugeuka kitandani, kupanda ngazi na kuvaa nguo kwa mguu mmoja ndiko kunakowaliza.

Nyonga yenyewe inawashangaza wengi. Kiungio cha nyonga kikiwa na tatizo, maumivu hukaa mbele, kwenye kinena, na hushuka pajani mpaka gotini. Mtu hawezi kuvaa soksi, hawezi kukata kucha za miguu, na kupandisha mguu kwenye daladala ni kazi. Wapo waliopakwa dawa ya goti miezi mizima na goti halina kosa lolote. Kwa mtoto anayechechemea na kulalamika goti, nyonga ichunguzwe kila mara.

Ukigusa ule mfupa unaojitokeza ubavuni mwa paja, na usiku huwezi kulalia upande huo, shida kwa kawaida ni kano za misuli ya makalio. Yakitoka kalioni yakashuka mguuni kupita goti, pamoja na ganzi au kuchomachoma mpaka unyayoni, ni neva iliyobanwa au kukasirishwa mgongoni.

Na figo? Figo ziko juu kuliko watu wanavyodhani, chini ya mbavu za nyuma. Maambukizi ya figo huja na homa, kutetemeka na mara nyingi kutapika, na kubadili mkao hakuyapunguzi. Kiuno kinachouma ukiinama na kutulia ukilala hakielekei kuwa figo. Na UTI bila mkojo kuchoma, bila kukojoa mara kwa mara, bila kipimo, ni ubashiri tu unaouzwa kwa bei ya dozi.

Maumivu yaliyo ndani, chini ya kitovu, yana orodha yake: kibofu, mfuko wa uzazi, maambukizi ya njia ya uzazi, uvimbe, utumbo, na kwa wanaume tezi dume. Yanayokuja na hedhi kila mwezi kiasi cha kumlaza mtu yanahitaji daktari wa wanawake, hata kama mama na shangazi nao waliumwa hivyohivyo. Inaweza kuwa endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake, na wanawake wengi huzunguka nayo miaka kabla haijatajwa.

Hatua ya pili: ondoa kwanza ya hatari

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, endapo mkojo umegoma kutoka au unatoka bila wewe kujua, haja kubwa vilevile, umepata ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mguu umelegea na unyayo unaburuza. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na zikikaa hivyo muda mrefu huenda zisirudi.

Mwanamke aliyekosa hedhi kisha akashikwa na maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja na kizunguzungu, naye asisubiri asubuhi. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaua kwa kuvuja damu ndani.

Bibi aliyeteleza bafuni, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, asisimamishwe wala kukandwa. Mchukulie amevunjika nyonga mpaka picha iseme vinginevyo.

Kuna kundi la pili ambalo haliui usiku mmoja. Ukiwa na maumivu yasiyopumzika hata ukilala, yanayoongezeka wiki hadi wiki, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, acha kujitibu. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo bila kikohozi hata kimoja, na baadaye uti ukatoa kinundu. Vipimo na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure. Aliyewahi kuugua saratani, ya matiti au ya tezi dume kwa mfano, naye asikae na maumivu mapya ya mgongo nyumbani.

Brusela, ugonjwa tunaoupata kwa mifugo, nataka niiongelee zaidi, kwa sababu huku kwetu ng'ombe yupo kila mahali, kuanzia zizi la migombani Machame mpaka boma la Monduli. Vimelea vyake hupita kwenye maziwa mabichi na mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, pia kwa anayemzalisha ng'ombe au mbuzi kwa mikono mitupu na kwa anayefanya kazi machinjioni. Homa huja na kuondoka, mwili huchoka, jasho hutoka usiku, na maumivu hupenda sana mgongo wa chini na kile kiungio cha kwenye vishimo vya makalio. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria, anapata nafuu siku mbili, inarudi. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulifuatilia watu wazima na watoto 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Kwa hiyo kama una homa inayorudi pamoja na kiuno, na unakunywa maziwa ya nyumbani, mwambie daktari habari za maziwa. Usisubiri akuulize. Tiba ya brusela ni dawa mbili kwa pamoja, na dozi huenda wiki sita au zaidi. Anayeiacha wiki ya pili kwa sababu amepata nguvu huirudia yote. Na maziwa chemsha mpaka yapande, hata kama babu anasema yaliyochemshwa hayana ladha.

Lingine ni floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Maji ya maeneo mengi kuuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kiasi kwamba kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Arusha vinakivuka kwa mbali. Meno ya kahawia kila mtu anayajua. Kinachosahaulika ni kwamba mtu aliyeyanywa maji hayo miaka mingi anaweza kupata ugumu wa uti wa mgongo na nyonga, mifupa na kano vikikakamaa. Kuyachemsha hakusaidii; floraidi inabaki na maji yanapungua. Magadi ya kulainishia makande nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Mwenye mashaka atumie maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa, na watoto ndio wapewe kwanza.

Mwenye selimundu (sickle cell) akiumwa kinena asidhani ni maumivu yake ya kawaida tu, kwani kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa. Vivyo hivyo kwa aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu, zikiwemo zile zinazochanganywa kwa siri kwenye vidonge visivyo na lebo vya "mifupa na viungo".

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivi, endelea na hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza

Usilale. Siku moja ya kujinyoosha kitandani haina ubaya ukiwa umekakamaa, lakini kulala wiki nzima hulegeza misuli na kuongeza woga. Tembea ndani ya nyumba, kisha mpaka barabarani, kisha mpaka dukani. Dakika 5 mara kadhaa kwa siku ni bora kuliko saa moja ya kujikaza.

Ukitaka kupumzika, lala chali miguu ikiwa juu ya kiti, mapaja yamesimama, au lala ubavu ukiwa na mto katikati ya magoti. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, dakika 15 au 20, husaidia wengi. Kuchuliwa taratibu ni sawa. Kukanyagwa mgongoni na kijana wa kilo 70, au kuvutwa shingo na miguu na mtu asiyesomea kazi hiyo, si sawa hata kidogo, na simsikilizi anayeniambia "mimi nilipona".

Kuhusu dawa: ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu, lakini zinywe baada ya chakula na kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, kisukari kilichogusa figo, au ujauzito asizinywe bila kuuliza. Parasetamoli ni salama zaidi, ingawa kwa mgongo nguvu yake ni ndogo. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na ahesabu pia vile vilivyomo kwenye dawa ya mafua. Sindano ya kalioni haiponyi haraka kuliko kidonge kama unaweza kumeza, na ikichomwa vibaya inaweza kuumiza neva kubwa ya mguu.

Mikanda ya kiuno inayotundikwa madukani iache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini umeshauri mikanda hiyo isiwe tiba ya kawaida, na badala yake umeweka mbele mazoezi na mgonjwa kuelimishwa.

Hatua ya nne: mkeka

Tandika mkeka sakafuni. Kitanda cha sponji kinabonyea, hakifai. Kanuni ni hii: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika mradi yatulie kabla ya kesho asubuhi. Yakiamka yamezidi, punguza idadi, usiache.

Anza chali, magoti yamekunjwa. Bana tumbo polepole mpaka ule uwazi chini ya kiuno uguse mkeka, hesabu mpaka tano, achia. Mara 10. Kisha vuta goti moja kuelekea kifuani kwa mikono miwili, tulia kidogo, badilisha.

Ukishazoea, fanya daraja. Ukiwa bado chali, kanyaga kwa nguvu na uinue makalio mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti, kisha shuka taratibu. Fanya mara 8, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Hili ndilo ningebaki nalo kama ningeambiwa nichague moja, kwa sababu makalio yaliyolala huuachia mgongo kazi isiyo yake.

Geuka, piga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, bila kuacha kiuno kining'inie, kisha upande mwingine. Kwa wenye maumivu ya ubavuni mwa nyonga, lala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vigusane, ufungue goti la juu na kulirudisha. Na wao waache kuegemea mguu mmoja wakisimama, na kukunja nne wakikaa.

La mwisho halihitaji mkeka: kaa kwenye kiti, inuka bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mama wa miaka 70 anaweza kuanza na mara 5.

Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, inahitaji tahadhari. Anayevuja mkojo akikohoa au akicheka aibane kana kwamba anazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, sekunde chache, aachie kabisa, mara 10. Lakini anayeumia wakati wa tendo la ndoa, au anayehisi kukazwa huko chini muda wote, mara nyingi misuli yake imekaza kupita kiasi, na kuibana zaidi ni kuongeza shida. Huyo ajifunze kuvuta pumzi tumboni na kuilegeza, na amwone mtaalamu wa fiziotherapia. Wanaume pia hupata hali hii, basi tu hawasemi.

Hatua ya tano: kazi zetu

Kufua ukiwa umeinama miguu imenyooka, beseni likiwa chini, saa mbili mfululizo, ndiko kunakowamaliza wanawake wengi. Pandisha beseni juu ya benchi au ndoo mbili zilizopinduliwa, au kaa kwenye kigoda na ufue nusu leo, nusu kesho. Fagio la njukuti lisilo na mpini lifungie mti. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, zinabebeka vizuri zaidi.

Mzigo wa majani ya ng'ombe na mkungu wa ndizi kwenye miteremko ya Kibosho na Marangu ni habari nyingine. Kichwani si mahali pabaya pa mzigo. Kinachoumiza ni kuuinua kutoka chini na kujipinda ukiwa umeubeba. Uweke kwanza kwenye ukuta au kisiki chenye kimo cha kiuno, omba wa kukutwika, na ukigeuka geuza miguu, usigeuze kiuno peke yake. Ukitoka kuumwa, rudi na nusu ya mzigo wako wa kawaida, ongeza kidogo kila wiki.

Wapagazi wa mlimani wanajua kwamba mzigo wa mgeni una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Kinachobaki mikononi mwako ni jinsi unavyoufunga: vizito karibu na mgongo, na wakati wa kushuka hatua fupi, magoti yasikazwe. Dereva wa bodaboda atoe pochi nene mfuko wa nyuma, na ashuke kwenye pikipiki kila akisubiri abiria badala ya kuisinzilia. Wa ofisini ainuke kila nusu saa, inatosha.

Mjamzito mwenye maumivu ya fupanyonga avae akiwa amekaa, apande ngazi mguu mmoja mmoja, abane magoti pamoja anapogeuka kitandani, na aepuke kubeba mtoto mkubwa ubavuni. Kwake yeye mkanda wa nyonga uliovalishwa na mtaalamu unaweza kusaidia. Baada ya kujifungua, mtori na uletwe kama kawaida, lakini mzazi asiwekwe kitandani muda wote. Kujifunga kanga tumboni hakumdhuru akiwa anapumua vizuri, ila hakurudishi misuli; inarudi kwa kutumiwa.

Hatua ya sita: ukienda hospitali

Nenda kama wiki sita zimepita na hali haijabadilika, au mapema zaidi kama huwezi kufanya kazi. Anzia zahanati au kituo cha afya chako, maana barua ya rufaa inakuokolea pesa na foleni, hasa mwenye bima. Kutoka hapo ni Mawenzi kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha, na juu yake KCMC ambayo ni ya rufaa ya kanda. Omba kuonana na mtu wa fiziotherapia mapema. Wagonjwa wengi hufika kwake wa mwisho baada ya kumaliza pesa kwenye vipimo.

Andika kabla hujaenda: yalianza lini, yako wapi, nini kinayaongeza, nini kinayapunguza, dawa zote ulizomeza na za mitishamba pia, na kama kuna homa, kukonda au mabadiliko ya mkojo na hedhi.

Usidai eksirei au MRI kama daktari hajaona dalili za hatari. Picha za mgongo wa watu wa miaka 50 wasioumwa kabisa zinaonyesha diski zilizochakaa kwa karibu 8 kati ya 10. Kwa hiyo ukirudishiwa karatasi inayosema pingili zimesagika, muulize daktari maswali mawili kabla ya kuondoka: je, kilichoonekana hapo kinalingana na mahali ninapoweka mkono wangu, na je, kinabadilisha matibabu? Jibu la yote mawili likiwa hapana, rudi kwenye mkeka.